Kwa Baiskeli Hadi Ozi: Amana, Tuta na Mikoko



Sanduku la mchango lililopitishwa safu kwa safu siku ya Ijumaa, baada ya mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya masika ya 2024, lilijaa kuliko tulivyotarajia, alhamdulillahi. Chakula na mablanketi vilipelekwa Tana River wakati uleule. Zikabaki fedha, si nyingi wala si za kudharauliwa, na zikabaki na mzozo wake. Kutoka Ozi, kijiji cha Waislamu wa Kipokomo kilicho karibu na mdomo wa Mto Tana, zilitufikia barua mbili katika mwezi mmoja. Ya kwanza iliomba lijengwe tuta la kuzuia maji ya mto yasiingie mashambani na majumbani. Ya pili iliomba mbegu ya mpunga na kitalu cha miche ya mikoko, na ikasema kwa adabu, lakini bila kumung'unya maneno, kwamba tuta la mashambani lisijengwe kabisa.

Sisi tulikuwa upande wa tuta. Tulisema mbele ya kamati kwamba mtu aliyefikwa na maji kifuani hahitaji kuhubiriwa habari za miti. Mzee wetu wa kamati akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Maalim, fedha za watu ni amana. Nenda ukaone kwanza, kisha uje useme."

Kukodi gari kwa siku nne kungeila amana yenyewe. Vijana wetu watatu wa madrasa, ambao kila Jumapili baada ya sala ya alfajiri hutoka Ndia Kuu kwa baiskeli wakavuka daraja la Nyali, ndio waliotoa rai ya kwenda kwa baiskeli. Tulicheka. Halafu tukafanya hesabu ya nauli, tukaacha kucheka. Mwenye umri wa miaka hamsini na kitu magoti yake yana neno la kusema katika jambo kama hili, lakini hayakuulizwa.

Basi lilitupakia na baiskeli nne juu ya paa mpaka Minjila, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Garsen na nyingine Lamu. Tukashika ya Lamu. Ilikuwa mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukitupiga ubavuni, na nchi ni tambarare hata kijana mmoja akasema imepigwa pasi. Lami imenyanyuliwa juu ya tuta la udongo, na chini yake yamepitishwa makalvati ili maji yapate pa kwenda. Mwenye gari hayaoni hayo. Mwenye baiskeli huyaona yote, kwani kila kalvati lina ubaridi wake, na kando yake kuna mstari wa matope makavu unaoonyesha maji yalifika wapi. Baadhi ya mistari hiyo ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Mwezi wa Novemba 2023 maji yaliikata barabara hii upande wa Gamba, na safari za Lamu zikasimama.

Yafaa hapa tueleze mto huu unavyofanya kazi, maana sisi wenyewe hatukuujua, ingawa tumekula mchele wake na samaki wake tangu utotoni. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Hushuka kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ukaenda takriban kilomita 1,000 katika nchi kavu, na unapokaribia bahari hupoteza haraka yake na kujitawanya katika mikono, maziwa na mabwawa ya nyasi. Hiyo ndiyo delta. Kwa mkulima wa Kipokomo mafuriko ya kadiri ndiyo yaliyokuwa mbolea: maji yakipanda huacha udongo mpya, yakishuka hupandwa mpunga nyuma yake. Kwa mfugaji wa Kiorma ndiyo malisho: kiangazi kikikausha bara, ng'ombe huteremka mtoni ambako nyasi bado ni mbichi. Kwa mvuvi, ziwa lisilofikiwa na mafuriko hugeuka dimbwi, kisha likawa vumbi.

Kati ya mwaka 1968 na 1988 yalijengwa juu ya mto huu mabwawa matano ya umeme mfululizo: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Umeme wake unawasha taa nyingi, na hatuwezi kuwalaumu waliojenga huku tukisoma darsa za usiku chini ya mwanga. Lakini mabwawa hushika mafuriko madogo pamoja na udongo wake, na gharika kubwa ikija hujaa, yakamwaga. Watu wa huku chini wakapungukiwa na mafuriko ya rehema na wakaachiwa yale ya msiba. Katika Suratur-Ra'd mna mfano wa mabonde yatiririkayo, kila moja kwa kipimo chake. Tumeufasiri mara nyingi darasani, na hatukuwahi kuutazama kipimo chenyewe mpaka tulipokuwa juu ya baiskeli.

Gamba tulionyeshwa mashamba ya mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA. Ulizungushiwa matuta marefu ili mto usiingie ila kwa ruhusa, kupitia mifereji na milango ya maji. El Niño ya 1997 ikaja bila kuomba ruhusa. Matuta yalibomoka, na kazi ya miaka ikaharibika katika msimu mmoja. Mwaka ule sisi tulikuwa kijana mwenye kilemba kipya, tukapanda mimbari na kusema kwa sauti kubwa kwamba gharika ni adhabu, tukawataja na waliostahili. Tulikuwa hatujawahi kufika Tana hata siku moja. Allah atusamehe.

Kuna jambo jingine la delta hii ambalo si rahisi kuliandika katika gazeti la familia, lakini kulificha si haki. Tarehe 7 Septemba 2012 delta hii, hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikawa ya sita nchini Kenya. Siku zilezile delta ilikuwa ikizika watu. Mapigano ya Wapokomo na Waorma ya Agosti na Septemba mwaka huo, yaliyohusu maji, malisho na ardhi, na ambayo siasa ilitajwa sana kuyachochea, yaliua watu zaidi ya mia moja, wakiwamo wanawake na watoto. Katika vizuizi vya barabarani askari walituuliza mara mbili sisi ni nani na tunatafuta nini kwa baiskeli. Hatukuona ubaya kuulizwa.

Tulilala Witu. Asubuhi tukaiacha lami, tukashika njia ya mchanga ya Kipini, ambayo ilituonyesha tofauti baina ya kupanda baiskeli na kuikokota. Pancha tatu, cheni moja iliyokatika, na baiskeli yetu ikavunjika spoki mbili. Fundi wa Kipini aliyetutengenezea alitumia waya wa wavu wa samaki, na ukafika nao Mombasa.

Kipini wenyeji huonyesha mahali wanaposema ndipo alipozikwa Fumo Liyongo, na si mbali na hapo yapo magofu ya Ungwana na msikiti wake wa Ijumaa. Vijana walitaka kukaa huko siku nzima. Sisi tulivutwa zaidi na habari ya mfereji wa Belezoni. Zamani Tana ulimwaga maji yake mbali, kusini-magharibi mwa hapa, na Ozi ulikuwa mto mdogo ulio peke yake. Katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ukachimbwa mfereji wa kuunganisha mito hiyo miwili ili vyombo vipite. Waliochimba walitaka njia ya mitumbwi tu. Mto ukaupenda mfereji, ukaupanua gharika baada ya gharika, na maji ya Tana yakaja kutokea Kipini. Tangu hapo mto haujaacha kutafuta njia nyingine.

Kutoka Kipini tulipakia baiskeli katika mashua, tukaingia mtoni maji yakijaa. Kushoto na kulia ni mikoko, na humo mna mwari, korongo na mdiria wa rangi zote, na mara moja viboko, ambao nahodha aliwapisha kwa heshima kuliko tunavyowapisha wakubwa wetu.

Mzee aliyetupokea Ozi alikuwa ndiye mwandishi wa barua ya pili. Alitupeleka kwenye shamba lake lililokuwa la mpunga. Ardhi ilikuwa na ukoko mweupe. Akachukua kipande akatupa tuonje, nasi tukaonja, ilikuwa chumvi. Akaeleza kwamba maji ya mto yakipungua, bahari wakati wa bamvua hupanda mtoni mpaka mashambani. Maji ya bahari ni tohara, na udhu wake unasihi kwa kauli ya wanazuoni, lakini mpunga hauna fatwa hiyo.

"Sasa, Sheikh," akasema, "chumvi hii huoshwa na nini?"

Tukasema, "Na mvua."

"Mvua haitoshi. Huoshwa na mafuriko. Mkinijengea tuta pale, mto hauingii, na chumvi haitoki. Mtakuwa mmenifungia mlango nikiwa ndani na nyoka."

Tulikuwa tayari kurudi na jawabu hilo, na pengine tungerudi nalo, lau si mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya ukuta wa chuo akisikiliza. Ndiye aliyeandikisha barua ya kwanza. Alitoa salamu, akamwomba mzee radhi, kisha akasema: "Babu huyu nyumba yake iko juu. Mafuriko hayo anayoyasifu yalinikuta mimi na mtoto wa siku kumi na mbili. Nilikaa kambini mpaka mtoto akaanza kuketi. Nikirudi, kisima kimejaa taka, na msahafu wa chuoni umekuwa uji. Muulizeni kama huo nao ni mbolea."

Mzee hakujibu. Wala sisi hatukujibu, na katika kazi yetu hilo hutokea kwa nadra.

Alasiri vijana walikwenda na kikundi cha wapanda mikoko. Miaka mingi sasa vikundi vya wenyeji vya delta hii, vingine vikishirikiana na shirika la Nature Kenya, vimekuwa vikirudisha miti mahali ilipokatwa. Tulidhani kupanda mkoko ni kuchoma kijiti matopeni. Wanawake wa kikundi walitusahihisha. Mkoko hutaka matope laini yanayofikiwa na maji kila siku. Mchu huvumilia chumvi kali na ardhi ya juu. Mkandaa hukaa nyuma. Msikundazi hupenda pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Walituonyesha safu ndefu ya vijiti vikavu. "Hivi vilipandwa siku ya wageni," mmoja akasema, na wenzake wakaziba vicheko kwa leso. Mahali pengine hawakupanda chochote. Walifukua kijito kilichozibwa, maji yakaanza kupwa na kujaa, na mbegu zikaja zenyewe na mkondo. Hapo miche ilikuwa imesimama kwa mamia. Mikoko, walisema, hushika kingo za mto zisiliwe na kuwapa kamba na kaa pa kuzalia. Chumvi haiizuii. Hilo walilisema wenyewe, bila kuulizwa, na tukawaamini zaidi kwa mengine.

Usiku ule tuliwaza dari za nyumba zetu za Ndia Kuu. Tazameni juu, nyinyi mnaokaa katika nyumba za kale: ni boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mikoko ya mwambao huu ilijenga Mombasa, na ikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Watu wa mjini tumelala chini ya misitu ya watu hawa kwa karne nyingi, kisha tukawa tunajadiliana kama tuwasaidie miti au tusiwasaidie.

Kabla hatujaondoka tuliwakalisha mzee na yule mama katika baraza moja, pamoja na imamu wa kijiji. Mazungumzo yalichukua baina ya adhuhuri na alasiri, na sauti zilipanda. Mwisho wake mama aliuliza swali ambalo hatukuwa nalo katika barua zote mbili: kwa nini tuta lizungushe mashamba? Lizunguke chuo na kisima tu, na kando yake udongo ulundikwe juu, uwe uwanja wa kukimbilia watoto na wagonjwa maji yajapo. Mashamba yaachwe wazi, mto uingie. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akataka kujua udongo utachimbwa wapi.

Hivyo ndivyo tulivyoiambia kamati, na tukakiri kwamba rai yetu ya kwanza ilikuwa na kosa. Kamati imekubali: tuta fupi na uwanja wa juu, mahali pakichaguliwa na wanawake wa Ozi, mbegu ya mpunga ya msimu mmoja, na zana za kufukua vijito viwili. Maji ya kutosha kutoka juu hayamo katika uwezo wa sanduku letu. Hayo ni ya serikali na mamlaka za mto, na barua imeandikwa.

Hesabu yote imebandikwa katika ubao wa matangazo karibu na mahali pa kutawadhia. Nauli, mashua na chakula cha watu wanne vimo. Spoki mbili hazimo, hizo tumezilipa wenyewe.