Kiunzi cha jana, tovuti ya leo

Mwezi jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa amehitimu chuo kikuu, aliketi ofisini mwangu kwa muda wa saa tatu akiikodolea macho tarakilishi, kisha akaniambia kwa upole: "Samahani Mwalimu, afadhali tuijenge upya." Alikuwa akizungumzia tovuti ya shule, iliyojengwa mwaka wa 2014 na kijana mwingine wa hapa hapa. Wazazi huisoma ili kupata matokeo ya mitihani na ilani za karo. Nami nilikuwa nimemwomba aongeze ukurasa mmoja tu!

Tovuti hiyo ilijengwa kwa AngularJS, kiunzi kilichotolewa na kampuni ya Google mwaka wa 2010. Kiunzi, au fremuweki kama vijana wanavyoiita, ni mkusanyiko wa kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, ambayo mjenzi wa tovuti huichukua ikamwondolea adha ya kuanzia kwenye fito na udongo. Mwaka wa 2016 Google ilitoa Angular mpya, iliyoandikwa upya kabisa hata tovuti za awali zikawa haziwezi kuhamia humo bila ya kufumuliwa. Kile cha kwanza kiliendelea kutunzwa hadi mwisho wa mwaka wa 2021, kisha kikaachwa. Kasoro ya usalama ikigunduliwa leo, wenyewe hawataiziba.

Simlaumu kijana aliyeijenga. Ndio kwanza alikuwa ametoka kidato cha nne, alikuwa na majuma matatu tu, na bila ya kiunzi hangeumaliza hata ukurasa wa kwanza. Isitoshe, kazi iliyopitiwa na macho ya maelfu ya wataalamu aghalabu huwa salama kuliko ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Wapo wanaowahimiza vijana waandike kila kitu kwa mikono yao wenyewe. Hao husahau kwamba mwandishi wa namna hiyo akishaondoka, huenda asipatikane mtu wa kuufumbua usiri wake.

Lakini haraka ile tuliikopa, na mkopo una riba. Mnamo Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aliondoa kazi zake kutoka kwa ghala la npm, wanakochukua vipuri wajenzi wengi wa tovuti duniani. Mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 tu ya kuongezea nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi mikubwa ikakwama ghafla hadi kipuri hicho kiliporejeshwa baada ya saa chache. Wengi wa waliokwama hawakujua hata kwamba walikuwa wakikitegemea, kwa maana kiliingia kikiwa kimebebwa na vipuri vingine. Tena kuna gharama ambayo mjenzi haioni: viunzi vingi humlazimisha msomaji kupakua shehena ya programu kabla ya kuona neno la kwanza, na mzazi anayesoma kwa simu hulipia shehena hiyo kwa bando lake.

Linalonikera zaidi ni jinsi tunavyofundisha. Kijana yule aliyehitimu ni hodari wa React, kiunzi kilichotolewa na Facebook mwaka wa 2013. Nilipomwomba aandike fomu ndogo kwa JavaScript tupu, alitoka jasho. Lugha ya JavaScript imekuwapo tangu mwaka wa 1995, na viunzi vimeingia na kutoka juu ya mgongo wake. jQuery ya mwaka wa 2006 ilipendwa kwa sababu iliziba tofauti baina ya vivinjari; baadaye vivinjari vyenyewe vikajifunza kazi nyingi kati ya zile, na umuhimu wake ukafifia. Aliyekuwa ameielewa lugha alivuka bila taabu. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, aliouandika Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bado unasomeka katika kivinjari cha leo, kwa kuwa ni HTML tupu. Ukurasa wetu wa 2014 umemshinda mhitimu.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu: HTML, CSS na JavaScript kwanza, hata kama wanafunzi watanung'unika kwamba matangazo ya kazi yanadai React. Kiunzi na kije mwaka wa pili, mwanafunzi akiwa anaweza kueleza kinamfanyia nini.

Tovuti yetu sasa inajengwa upya. Matokeo ya miaka yote tumeyatoa na kuyahifadhi katika faili za maandishi matupu, na ilani za karo zitaandikwa kwa HTML pekee. Katika sehemu ya matokeo kijana amesisitiza kutumia React. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba aandike katika daftari la shule ni toleo gani alilotumia, vipuri gani vinaandamana nalo, na jinsi ya kuyatoa matokeo humo siku kiunzi chake kitakapoachwa.