Makazi ya Mkimbizi na Hesabu ya Amana



Serikali inapompa mkimbizi hifadhi, huulizwa maswali mawili: je, amesitirika? Na je, fedha ya umma imetumika kwa haki? Wako wadhanio kuwa maswali haya yanapingana. Historia ya Nachingwea na Ruangwa, zilipokuwa bado wilaya moja, yatufundisha vinginevyo.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Waliingiza matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, hasara yake ikiwa takriban pauni milioni 36. Huo ulikuwa israfu ulio wazi.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka mto Ruvuma. Wapiganaji wa FRELIMO walipata kambi Nachingwea, katika shamba mojawapo la karanga lililoachwa. Raia walipelekwa kwenye makazi kama Rutamba, Lindi, na Matekwe, Nachingwea. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR ikatafuta fedha, na shirika la TCRS likasimamia kazi. Mkimbizi alipewa shamba, jembe, mbegu, na chakula cha kumfikisha kwenye mavuno. Nyumba alijijengea mwenyewe.

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirejea kwao. Ardhi waliyoifyeka haikuondoka nao. Ilibaki mikononi mwa wenyeji.

Hekima hii si ngeni kwetu. Saad bin Rabii, miongoni mwa Answari wa Madina, alimwahidi Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aoneshwe soko tu.

Leo mkimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 mkoani Kigoma, haoneshwi soko. Sheria ya mwaka 1998 humtaka asitoke eneo lake bila kibali. Serikali ina hoja zake za usalama na mazingira, nazo ni nzito. Lakini mgao ulipopunguzwa mwaka 2023, aliyezuiwa kulima na kuchuma angejaza chungu chake kwa nini?

Kumlisha mtu miaka mingi huku mikono yake imefungwa ni gharama isiyokwisha. Kumpa jembe ni kumsitiri yeye, na ni kuilinda amana ya umma.