Wati za Kupandia Mlima

Baiskeli ya umeme ni baiskeli ya kawaida iliyoongezewa mota, betri na kompyuta ndogo inayoamua mota isaidie lini na kwa kiasi gani. Miguu bado inakanyaga. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Halikuenea kwa karibu miaka mia, kwa kuwa betri za wakati ule zilikuwa mzigo kuliko msaada. Yamaha ilianza kuuza Japani mwaka 1993 baiskeli ambayo mota yake hufuata nguvu ya miguu ya mwendeshaji, na betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony ilikwisha kuziingiza sokoni miaka miwili kabla, ndizo zilizokuja kuifanya iwe nyepesi ya kutosha.

Inakofaa zaidi ni miji ya milima. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, una vichochoro vinavyopanda wima kiasi kwamba hata tramu hupanda kwa shida, na kwa miaka mingi mgeni aliyekwenda huko likizo hakuwaza baiskeli. Mwaka 2017 mji ulianzisha GIRA, mfumo wa baiskeli za kuazima mtaani, nyingi zikiwa za umeme. Trondheim, Norwe, walikuwa wamechagua njia nyingine mwaka 1993: walijenga kando ya barabara mtambo unaosukuma mguu wa mwendesha baiskeli hadi juu ya kilima. Mtambo huo unapendeza kuutazama, lakini unasaidia kilima kimoja tu.

Kalemie, mji wa mkoa wa Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nayo ina vilima vyake. Bandari, stesheni ya reli na majengo ya zamani ya enzi mji ulipoitwa Albertville yamejipanga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi imepanda mabonde na miinuko iliyo nyuma. Anayeleta makala ya kupikia kwa baiskeli haendeshi anapofika kwenye mwinuko. Hushuka, akainama, akasukuma.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu fupi. Mwendeshaji wa kilo 70 na baiskeli ya umeme ya kilo 25 ni kilo 95. Kuinua kilo 95 mita 100 juu kunahitaji wati-saa 26 tu za nishati. Mwenye makala, pamoja na gunia la kilo 100 na baiskeli ya kilo 20, anahitaji 52. Ni nishati ndogo mno: taa ya wati 10 huimaliza kwa saa tano. Kwa hiyo mlima haumshindi mtu kwa wingi wa nishati. Unamshinda kwa kuitaka yote upesi.

Katika mwinuko unaopanda mita 8 kwa kila mita 100 za njia, kwenda kilomita 15 kwa saa kunataka karibu wati 370, ukijumlisha msuguano wa magurudumu na upepo. Mtu mwenye afya asiye mwanariadha hutoa wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuchoka sana. Pengo ni wati 270. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu mota ya wati 250 za kudumu, inayosaidia tu wakati miguu inakanyaga na kuacha kusaidia mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Mota hiyo inakaribia kuziba pengo lote, na kinachobaki huzibwa kwa kupunguza mwendo kidogo.

Mota inaweza kukaa ndani ya gurudumu au katikati, kwenye pedali. Kwa mji wa vilima, ya katikati ni bora, na tofauti si ndogo. Nguvu yake hupitia mnyororo na gia, hivyo mwendeshaji akibadili gia mota huendelea kuzunguka haraka hata baiskeli ikienda polepole. Mota ya gurudumuni haina gia za kubadili. Mlimani huzunguka taratibu huku ikivuta mkondo mkubwa, na sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto ndani ya nyaya zake za shaba. Mlima ukiwa mrefu, kompyuta hupunguza msaada ili mota isiungue, yaani msaada unapungua pale pale unapohitajika.

Barabara ya mchanga ina ujanja wake. Kwenye lami, magurudumu hupoteza nguvu sawa na kupanda chini ya mita moja kwa kila mita 100. Kwenye mchanga laini hasara inaweza kufikia kupanda mita 10, hata njia ikiwa tambarare kabisa. Kwa betri, mchanga ni mlima usioonekana, na tairi nene zenye upepo kidogo ndizo dawa yake.

Betri ya kawaida ina wati-saa 500. Ikifunguliwa, ndani hukutwa seli 40 hivi, kila moja ikitoa volti 3.6, zikiunganishwa kumi kumi ili kupata volti 36. Lithiamu yote iliyomo haizidi gramu 75. Hapo mkoa wa Tanganyika unaingia katika habari hii kwa mlango mwingine, kwa kuwa Manono, mji uliojulikana kwa bati tangu enzi ya Wabelgiji, umekalia mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu duniani. Madini yake, spodumini, yakiwa safi kabisa hayana zaidi ya asilimia 4 ya lithiamu, hivyo betri moja inahitaji kilo mbili hivi za spodumini. Baadhi ya seli hutumia pia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Seli za chuma na fosfeti hazihitaji kobalti. Ni nzito kidogo, ila hudumu zaidi.

Kuchaji betri hiyo kunakula uniti 0.6 hivi za umeme (uniti moja ni wati-saa elfu moja). Kalemie hupata umeme wake kutoka mitambo ya maji ya Bendera, kwenye mto Kyimbi, kaskazini mwa mji. Umeme ukikatika, paneli ya jua ya wati 200 inayopata saa tano za jua kali hutoa uniti moja kabla ya hasara za nyaya na kidhibiti, na hiyo inatosha kujaza betri moja kwa siku. Paneli hukaa juani, betri ndani kivulini: seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na bati la paa saa saba mchana hupita kiwango hicho kwa mbali.