FARAGHA YA LAZIMA: TUIFANYIE NINI?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, ziko nyakati mtu hujikuta peke yake bila ya kupenda. Mwanafunzi amevunjika mguu, yumo kitandani wiki sita. Mwengine amemaliza mtihani, anangoja matokeo hali ya kuwa wenzake wametawanyika. Kijana amekwenda mji wa mbali kutafuta riziki, hana amjuaye. Mama amefiwa na mume, yumo edani. Na sote tunaukumbuka mwaka 2020, yalipoingia maradhi ya korona. Hapa Kenya shule zilifungwa mwezi wa Machi, na wanafunzi walio wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Misikiti ilifunga milango, na sauti za watoto madrasani zikanyamaza.

Hali hizi tuziite faragha ya lazima. Hukuiomba, na huwezi kuiondoa kwa siku moja. Suali ni hili: tuifanyie nini?

FARAGHA NI MALI

Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (R.A.) na kuitoa Imam Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa ziko neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo: afya na faragha. Mazingatio ni mawili. Kwanza, faragha imeitwa neema, wala haikuitwa adhabu. Pili, neno la Kiarabu lililotumika kwa hasara hiyo ni la sokoni. Ni hasara ya mtu aliyeuza mali yake nzuri kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuijua thamani yake.

Basi mwenye siku arubaini za kitandani ana mali mkononi. Akilala mpaka adhuhuri, akashinda na simu mpaka usiku wa manane, ameiuza. Mwisho wa siku ukimuuliza amefanya nini, hana la kujibu, na moyo wake u mzito kuliko asubuhi.

Wazee, jambo hili si dogo. Madrasa zilipofunguliwa tena, walimu tuliwapokea wanafunzi wa aina mbili. Wako waliorudi na juzuu zao zikiwa imara, na wengine wameongeza. Na wako waliorudi wamesahau hata walichokijua, wamezoea kukesha, wamepata marafiki wa vichochoroni. Wote walikaa nyumbani muda ule ule. Kilichowatenganisha ni kuwa na shughuli au kutokuwa nayo.

WALIOTUTANGULIA

Tutazame watu watatu waliofungiwa, kila mmoja kwa namna yake.

Nabii Yusuf (A.S.) alitiwa gerezani kwa dhulma. Sura iliyopewa jina lake inatueleza kuwa wafungwa wawili walimwendea na ndoto zao. Yeye, kabla ya kuwafasiria, aliwafundisha Tawhid. Gereza lake aliligeuza darasa.

Imam Sarakhsi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi katika karne ya 11, alifungwa huko Uzgand, katika nchi ambayo leo inaitwa Kyrgyzstan, kwa sababu ya nasaha alizompa mtawala. Wanahistoria wanaeleza kuwa aliwekwa ndani ya shimo mfano wa kisima kwa miaka zaidi ya kumi. Hakuwa na vitabu vyake. Wanafunzi wake wakaja kukaa juu ya mdomo wa shimo, naye akiwasomea kutoka kifuani mwake, nao wakiandika. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya kitabu chake Al-Mabsut ilivyopatikana, nacho leo huchapwa kwa juzuu 30.

Wa tatu ni mama yetu wa pwani hii, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, akiwa mjane na mgonjwa, Mwana Kupona alitunga utendi wa beti zaidi ya mia kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Yapata mwaka 1860 akafariki. Utendi wake unasomwa mpaka leo.

Zingatia jambo moja linalowakusanya wote watatu. Yusuf (A.S.) alikuwa na wafungwa wenziwe, Sarakhsi alikuwa na wanafunzi wake, na Mwana Kupona alikuwa na binti yake. Hakuna aliyefanya kazi ili tu siku zipite. Kila mmoja alikuwa na mtu anayemfanyia. Hii ndiyo siri: upweke hupungua pale kazi ya mkono wako inapokuwa na mwenyewe anayeingojea.

SHUGHULI GANI?

Shughuli njema ya faragha ina alama nne:

1. Haikupotezei faradhi. Adhana ikilia, huwekwa chini.

2. Inashika mkono na akili pamoja, hata fikra mbaya zikose nafasi.

3. Inabakisha kitu. Jioni unaweza kusema, "Leo nimefika hapa."

4. Ina mtu anayeingojea.

Kwa mfano, kushona kofia ya mkono. Kitambaa huchorwa maua, kisha hushonwa tundu kwa tundu, na kofia moja huchukua wiki nyingi. Ianze leo, na mwambie babu kuwa ni yake ya Idi. Au kusuka ukili: miyaa hutiwa rangi, hukaushwa, husukwa, kisha ukili huungwa mpaka ukawa mkeka au msala. Mwenye mguu uliovunjika anaweza kuifanya kazi hii amekaa. Au kujifunza hati nzuri za Kiarabu, herufi moja kila siku, na mwisho uandike jina la mama yako umpe zawadi. Au kupanda mrehani ndani ya ndoo iliyotoboka. Au kukaa na bibi na daftari, uandike nasaba ya ukoo, na hadithi za mtaa kabla hazijapotea. Hili la mwisho lina faida mbili, kwani huenda bibi naye alikuwa mpweke, na hakuna aliyejua.

HESABU NDOGO

Wengi hushindwa kwa kuanza na mengi. Wahenga wamesema, bandu bandu huisha gogo. Chukua msahafu wa chapa ya Madina, ambao ukurasa wake una mistari 15. Ukihifadhi mistari mitano tu kwa siku, ukurasa mmoja utakuchukua siku tatu. Juzuu Amma ina kurasa 23 katika chapa hiyo. Basi kwa siku 69 umeimaliza, na ukijiwekea siku moja ya muraja'a kila wiki, haitazidi miezi mitatu. Umngoje mtu akusikilize kila jioni, awe baba, dada au mwalimu kwa simu. Simu hiyo hiyo inayokula wakati inaweza kuutunza.

MAMA ALIYE EDANI

Hapa pana jambo linalohitaji kuelezwa. Eda ya aliyefiwa na mumewe ni miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Katika muda huo aliyefiwa hukaa nyumbani kwake ila kwa haja, na huacha mapambo na manukato. Hayo ndiyo ya sheria. Ama kumweka katika chumba cha giza, kumkataza kuzungumza na watu au kumzuia asifanye kazi yoyote ya mkono, hayo ni ya mila.

Katika Sahih Muslim imepokewa habari ya khaleti yake Jabir (R.A.), aliyekuwa katika eda ya talaka. Alitaka kutoka kwenda kuchuma tende zake, mtu mmoja akamkemea. Alipomwendea Mtume (S.A.W.), alimruhusu, akamwambia kuwa huenda akatoa sadaka au akafanya wema kwa tende hizo. Wanavyuoni wana maelezo yao kuhusu kutoka kwa aliyefiwa, na hayo aulizwe mwenye elimu. Lakini funzo liko wazi: Mtume (S.A.W.) hakumtazama mwanamke yule kama mtu aliyekwisha. Alimwona kuwa bado ana mkono wa kutoa.

Basi jamaa wa aliyefiwa, msimpelekee sahani ya chakula tu. Mpelekeeni na uzi, na kitambaa. Mpelekeeni watoto awasomeshe alifu na bee. Siku zake zinahitaji kitu cha kushika.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza, shughuli si dawa ya kila huzuni. Ikiwa mtu halali usiku kwa wiki kadhaa, hali chakula, au anatamani kufa, asiachiwe uzi na sindano peke yake. Mzazi ajulishwe, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kutafuta matibabu si upungufu wa imani.

Ya pili, faragha isipendwe hata tukawakimbia watu. Mtume wetu (S.A.W.) alikaa pangoni Hiraa, kisha akateremka na ujumbe kwa watu. Tumefundishwa pia kuwa Muumini anayechanganyika na watu na akasubiri maudhi yao ni bora kuliko asiyechanganyika nao. Siku mlango utakapofunguliwa, toka na ulichokitengeneza, umpe mwenyewe.

Na wewe msomaji uliye na afya na uhuru leo, fikiri ni nani mtaani kwako amefungiwa. Mpelekee kazi, si pole peke yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awafariji wajane na mayatima, na atujaalie faragha zetu ziwe hoja kwa ajili yetu na si juu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.