Mashine ya kukausha nguo: piga hesabu ya tokeni kabla ya kulipa

Mvua ya Aprili ikishika, au baridi ya Julai ikifika, nyumba nyingi za Nairobi hugeuka kibanda cha mitumba: nguo kwenye viti, nguo mlangoni, nguo juu ya friji. Sare ya shule iliyofuliwa Jumamosi, Jumatatu asubuhi kola bado ina unyevu. Ukiwa na mtoto mchanga, ndipo unapoanza kuuliza bei ya mashine ya kukausha nguo.

Kabla hujaweka PIN yako, jua jambo moja: bei ya dukani ni malipo ya kwanza tu. Mengine utayalipa kila ukinunua tokeni. Mashine mbili zinaweza kufanana kwa sura, kumbe moja inakula stima mara mbili ya mwenzake.

Kwanza, hakikisha inakausha kweli

Mashine nyingi za bei nafuu zenye matangi mawili huuzwa kama "washer na dryer". Tangi la kwanza linafua. La pili halikaushi, linakamua tu: linazungusha nguo kwa kasi hadi maji mengi yatoke, lakini bado utahitaji kamba. Si mashine mbaya. Ila kama ulilipa ukitarajia shati la kuvaa papo hapo, utajuta. Muulize muuzaji waziwazi: "Hii inatoa joto ama inakamua tu?"

Kuna pia mashine moja inayofua na kukausha. Inaokoa nafasi, lakini soma namba zote mbili kwenye kibandiko. Inayofua kilo 8 huenda inakausha kilo 5 pekee, kwa hivyo mzigo mmoja utaukausha kwa awamu mbili. Nyingi pia hutumia maji baridi kupoza mvuke. Kama maji kwenu huja kwa zamu, hilo si jambo dogo.

Aina tatu utakazokutana nazo

1. Ya bomba (dukani huitwa vented). Inapasha hewa joto, inaipitisha kwenye nguo, kisha inatupa mvuke nje kupitia bomba nene. Mara nyingi ndiyo ya bei ya chini. Shida ni kwamba bomba lazima litoke nje, kupitia tundu la ukuta au dirishani. Mzigo mmoja uliojaa unaweza kutoa lita 3 hadi 4 za maji. Ukiuachia mvuke huo ndani ya chumba, ukuta unaloa na ukungu mweusi unaanza kwenye pembe. Siku ya kuhama, mwenye nyumba ataukata kwenye deposit yako. Kama umepanga, pata ruhusa ya kutoboa ukuta kabla ya kununua.

2. Ya kondensa. Haihitaji bomba la nje. Inageuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi dogo, nawe unayamwaga kila baada ya mzigo. Inafaa nyumba za ghorofa. Lakini stima inayotumia iko karibu sawa na ile ya bomba, na inapasha chumba joto, kwa hivyo fungua dirisha.

3. Ya pampu ya joto (kibandiko huandikwa heat pump). Nayo hukusanya maji kwenye tangi, ila joto haliendi bure: inalizungusha na kulitumia tena. Kwa kawaida inatumia stima nusu ya zile nyingine, au hata chini ya hapo. Joto lake ni la chini, kwa hivyo nguo hazichakai haraka. Ubaya wake ni mbili: bei ya kununua iko juu, na inachukua muda mrefu, wakati mwingine zaidi ya saa mbili kwa mzigo mmoja.

Sasa tupige hesabu

Chukua familia inayokausha mizigo 12 kwa mwezi, yaani kama mitatu kwa wiki. Tuseme mashine ya kondensa inatumia yuniti 4.5 kwa mzigo uliojaa, na ya pampu ya joto yuniti 2.

Kondensa: 12 × 4.5 = yuniti 54 kwa mwezi.
Pampu ya joto: 12 × 2 = yuniti 24 kwa mwezi.

Tofauti ni yuniti 30. Ili ujue yuniti moja inakugharimu ngapi, fungua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni na ugawe pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Ikiwa ni shilingi 30, basi tofauti ni shilingi 900 kila mwezi, au 10,800 kwa mwaka.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Tangu Aprili 2023, wateja wa stima wa nyumbani wako katika makundi matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wa zaidi ya 30 hadi 100, na wanaopita 100. Kadiri unavyopanda kundi, ndivyo bei ya yuniti inavyopanda. Familia yetu ikiwa ilikuwa ikitumia yuniti 70, pampu ya joto inaifikisha 94. Kondensa inaifikisha 124, na hapo imevuka. Sasa hata taa na friji zinalipiwa bei ya juu.

Je, pampu ya joto ndiyo bora kwa kila mtu? Hapana. Tuseme inazidi kondensa kwa shilingi 30,000. Ukiitumia mwaka mzima, kwa 900 kwa mwezi, tofauti hiyo inarudi kwa takriban miezi 33. Ukiitumia miezi minne tu ya mvua na baridi, itakuchukua zaidi ya miaka minane. Na kama shida yako ni wiki chache kwa mwaka, usinunue chochote. Peleka nguo nzito kwa dobi, mama fua aendelee na nyingine, na pesa zako zibaki kwenye akiba.

Usalama nyumbani

Mashine za bomba na kondensa mara nyingi huvuta wati 2,000 au zaidi. Zichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni, na usiwashe pamoja na shawa ya moto. Safisha chujio la nyuzi kila baada ya mzigo. Nyuzi zikijaa, nguo hazikauki, stima inaliwa, na moto unaweza kuzuka. Stima ikipotea katikati, toa nguo na uzitandaze zipoe. Usiziache zimerundikana zikiwa moto.

Ukifika kulipa

- Kwa lipa pole pole, jumlisha kila kitu. Mashine ya shilingi 75,000 taslimu, ukilipa 10,000 kwanza na 250 kwa siku kwa mwaka mzima, itakugharimu 101,250. Hizo 26,250 za juu zingekaribia kulipia ile tofauti ya pampu ya joto.
- Lipa kwa namba ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Muuzaji akikuambia "tuma kwa namba yangu, ya duka ina shida", simama hapo.
- Uliza kama usafirishaji na ufungaji uko ndani ya bei, na nani hurekebisha mashine ikiharibika.
- Usifute ujumbe wa malipo. Uweke pamoja na risiti na karatasi ya waranti, kwa sababu ndio ushahidi wako.

Leo jioni, kabla ya kwenda dukani, fanya mambo mawili tu: hesabu mizigo ya nguo unayofua kwa mwezi, na uangalie umenunua yuniti ngapi miezi mitatu iliyopita. Ukiwa na namba hizo mbili, muuzaji hatakuchagulia mashine. Utajichagulia mwenyewe.