Mtoto akikatazwa maziwa ya ng'ombe, ale nini ili akue?

Huku kwetu Dodoma ukisema mtoto wako hanywi maziwa, watu wanakushangaa. Ng'ombe wako zizini, mgando uko kwenye kibuyu, iweje mtoto anyimwe? Lakini wapo watoto ambao mwili wao unayapinga maziwa. Huo ndio mzio, au aleji kama wengi tunavyosema.

Mtoto mwenye mzio anaweza kutoka vipele, kuvimba midomo, kutapika au kupata choo chenye damu. Wengine huanza dakika chache baada ya kunywa, wengine baada ya siku kadhaa. Akivimba uso au kupumua kwa shida, usisubiri asubuhi, mkimbize hospitali. Kujaa gesi na kuharisha peke yake mara nyingi ni jambo lingine, hasa mtoto akiwa ametoka kuumwa tumbo. Kwa hiyo usimkatie mtoto maziwa kwa kubahatisha, mpeleke kwanza kwa daktari.

Bibi atasema mpe ya mbuzi. Hapana. Protini zake zinafanana sana na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio huu huyakataa yote mawili. Kugandisha au kuchemsha pia si dawa. Ziwa la mama, hilo endelea nalo hadi miaka miwili au zaidi. Wakati mwingine daktari humwambia mama mwenyewe aache maziwa kwa muda. Kama mtoto wa chini ya mwaka hanyonyi, daktari ndiye aseme apewe maziwa gani maalumu. Uji mtupu na maziwa ya soya ya dukani havitoshi.

Hatari tunayoiona ni hii: maziwa yanaondolewa, halafu hakuna kinachowekwa mahali pake. Mtoto anabaki na uji wa mtama na chai ya rangi. Tumbo linajaa, urefu hauongezeki. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na wengi wao hawana mzio wowote.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, vya kuziba pengo viko gulioni. Dagaa wakisagwa na mifupa yao wanampa protini na madini ya mifupa. Kuna mayai, kunde, mbaazi, unga wa ubuyu kwenye uji, na kijiko cha mafuta ya alizeti cha kuongeza nguvu. Karanga pia, zikiwa zimesagwa laini. Waingereza walishindwa na karanga pale Kongwa miaka ya 1940, wakulima wetu hawajashindwa. Ila karanga na mayai navyo huleta mzio kwa baadhi ya watoto, hivyo anza na kidogo, kimoja kimoja.

Chambua karanga na mahindi kabla ya kusaga. Zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na inahusishwa pia na udumavu. Kukaanga hakuimalizi.

Usikose kliniki ya kila mwezi, na umwambie muuguzi kwamba mtoto hatumii maziwa. Mwombe akuonyeshe mstari kwenye kadi. Ukilala au kushuka, uliza siku hiyohiyo.

Watoto wengi hupona mzio huu kadiri wanavyokua. Siku ya kujaribu tena aipange daktari, asije shangazi akamjaribu kwa kikombe jikoni.