Kusimika Seva ya Ujumbe: Tazameni Milango ya Nyuma

Mwezi wa Aprili mwaka 2019 Serikali ya Ufaransa iliwafungulia watumishi wake chombo cha kupelekeana ujumbe kiitwacho Tchap. Shabaha yake ilikuwa wazi: mazungumzo ya dola yasipite tena katika mitambo ya makampuni ya kigeni, yakae katika seva zilizo chini ya mamlaka ya serikali yenyewe. Kila aliyetaka kuandikishwa ilimpasa awe na anwani ya barua pepe ya serikali. Lakini chombo kilipofunguliwa tu, mtafiti mmoja wa usalama, asiye mtumishi wa dola hiyo, aliandikishwa na kuingia. Alikuwa ameunganisha anwani mbili kuwa moja, mwanzoni yake mwenyewe, mwishoni ile ya Ikulu ya Ufaransa. Huduma iliyopewa kazi ya ukaguzi ilitazama mwisho wa anwani ikaridhika, kisha ikapeleka barua ya uthibitisho kwa yule wa mwanzo! Mtafiti huyo alitoa taarifa mwenyewe, na kasoro ikazibwa upesi.

Ndugu zetu askari na walinzi wa usalama watatambua kisa hiki mara moja. Ngome ilikuwa imara. Aliyelala ni karani wa langoni. Programu yenyewe ya ujumbe haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa katika huduma ndogo iliyowekwa kando kuisaidia.

Jambo hili linayahusu majeshi moja kwa moja. Jeshi la Ujerumani, Bundeswehr, lilianza mwaka 2020 kutumia chombo chake kiitwacho BwMessenger, kilichojengwa juu ya kanuni ile ile ya mawasiliano, yaani Matrix. Kanuni hiyo ni wazi kwa wote, na programu ya seva inayotumika sana kuitekeleza, Synapse, hupatikana bila malipo. Fundi yeyote wa kikosi mwenye kompyuta inayoendeshwa na Linux aweza kuisimika katika muda wa alasiri moja. Urahisi huo ndio unaotutia wasiwasi.

Kazi huanza kabla ya kugusa programu. Kwanza ni jina. Jina analoipa seva fundi siku ya kwanza huingia katika utambulisho wa kila mtumiaji, wala haliwezi kubadilishwa baadaye. Akikosea hana budi kuanza upya. Pili ni saa. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, hivyo kompyuta ambayo saa yake imepotoka itavikataa vyeti halali na kuvipokea vilivyokwisha muda. Basi iwekwe huduma ya kulinganisha saa, nayo iwe inafanya kazi kabla ya nyingine zote.

Kisha huja hifadhidata, na hapa tukae kidogo. Synapse ikisimikwa bila maelekezo zaidi huandika kumbukumbu zake katika SQLite, faili moja tu. Hiyo yafaa kwa majaribio. Kwa kazi ya kweli yahitajika PostgreSQL, tena hifadhidata iundwe kwa kanuni ya kupanga herufi iitwayo C. Wengi huliona sharti hili kuwa la kiofisi. Sababu yake ni hii: kanuni nyingine za kupanga herufi hutegemea mfumo wa kompyuta, na mfumo ukisasishwa zaweza kubadilika, faharasa iliyopangwa jana kwa kanuni ya zamani haitalingana na kanuni ya leo, na kumbukumbu huharibika kimyakimya. Ndiyo maana Synapse hukataa kuwaka ikiona kanuni isiyo hiyo. Fundi asitafute njia ya kulizunguka katazo hilo.

Programu yenyewe isikilize katika mlango nambari 8008, wa ndani ya mashine tu. Mbele yake asimame mlinzi, kwa mfano nginx, atakayewapokea watu kwa mlango nambari 443, akiwa na cheti kinachofanya mawasiliano yasisomeke njiani. Vyeti vitolewavyo bure na Let's Encrypt uhai wake hauzidi siku 90. Pasipo huduma ya kuvihuisha yenyewe, siku moja kikosi kizima kitaamka hakisikilizani. Uandikishaji huria ufungwe, na kila jina liingizwe na msimamizi kwa mkono wake. Milango mingine yote izibwe.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Mwezi ule ule wa Aprili 2019, wenyewe waliotunga Matrix walitangaza kwamba seva zao zimevamiwa. Adui hakupitia Synapse. Alipitia Jenkins, programu ya kusaidia kazi ya kujenga programu nyingine, iliyokuwa na kasoro inayojulikana na haikuwa imesasishwa. Kutoka hapo alifika kwenye hifadhidata. Watumiaji wote wakatolewa nje ili waingie upya. Funguo za kutia sahihi vifurushi vya programu nazo zilikuwa zimeachwa mahali alipoweza kuzifikia, ikabidi zibatilishwe. Ikiwa hayo yaliwapata mabingwa wa fani, fundi wa kikosi asijidanganye.

Kwa hiyo kila huduma iliyo katika mashine ile iandikwe kwenye daftari: jina lake, kazi yake, nani anayeisasisha. Isiyo na kazi iondolewe. Tusisahau pia kwamba usimbaji wa ujumbe kutoka mtu hadi mtu huficha maneno tu. Seva bado inajua nani amezungumza na nani, na saa ngapi. Kwa mpelelezi wa adui, hayo peke yake ni mengi.

La mwisho ni nakala za akiba. Kunakili hifadhidata hakutoshi, kwa sababu picha na hati hukaa katika folda nyingine, na ufunguo wa sahihi wa seva hukaa katika faili yake. Vyote vitatu vinakiliwe usiku, vipelekwe kwenye mashine iliyo mbali na ile ya kwanza. Kisha, walau mara moja kila baada ya miezi michache, achukuliwe fundi ambaye hakuisimika seva ile, apewe nakala hizo na kompyuta tupu, aambiwe aisimamishe tena, na ofisa wa zamu aandike imemchukua saa ngapi.